Filme Yenye Batu ba Mususa Balikataa

Butembo, Mususa, tarehe 21 mwezi wa kumi 2001

Kwa Yaya wangu Mélanie, kule Beni,

Yaya wangu mupendwa, pokea salamu ya mudogo wako Sagesse, mwenye anakuandikia akiwa amekaa ku mulango ya jikoni juu mule ndani moshi ni mingi. Uko aje na masomo? Kifua yenye ilikuwa inakusumbua mu mwezi wa nane ilipona? Kule mu internat bado banabapikia maharagi bila mafuta? Sie huku tuko. Grady anakua, suruali zake zote zimekuwa fupi, na Séphora meno yake ya mbele yameanguka, akiongea tunacheka yeye anakasirika. Mama anakusalimia. Alisema nikuandikie kama anakusalimia sana, na maneno ingine nijue mimi mwenyewe namna ya kuiandika. Donc usishangae kama hii barua inazunguka. Unanijua. Mbele ya batu sauti yangu inakufaka, na ata ku karatasi inanipasa kwanza nizunguke nyumba mbele ya kuingia.

Gérard shofere njo anakuletea barua. Nilimuomba akupatie mukononi na anyamaze. Usimuulize kitu mbele ya kumaliza. Soma mustari kwa mustari, tafazali, usirukie mwisho sawa vile unafanyaka na ba-roman.

Bon. Unajua kama Papa aliendaka Kanyabayonga kutafuta maharagi mu mwezi wa sita na hakurudi, na kama barabara ya kule basoda, baaskari, baliikata: upande ile ni bengine, upande hii ni bengine, katikati hakuna wa kuuliza. Kitu yenye hujui ni kama Mama alikuwa ameamua kwenda kumutafuta yeye mwenyewe. Kila siku ya soko mutu alikuwa anamuletea habari. Mumoja alimuona Papa amefungwa. Mwengine alimuona anachotea basoda maji. Mwengine tena alimuona amenona, iko na bibi wa pili. Mama alikubali zote tatu. Alitengeneza sakoshi ya safari: koti ya Papa, sabuni, chumvi, tumbako ya kumupatia mukubwa wa barrière ya basoda, na kikwembe mupya ya kuvaa kama atafika ku bureau kubwa. Siku ya pili ya juma, Mardi, angepanda camion mupaka Lubero, kutoka pale angeona namna, ata kwa miguu.

Baba mudogo Malachie alikuwa anakuja kumukataza. Alisema barabara ni mubaya. Mama akasema ni mubaya kwa batu bote na batu banapita. Akasema angojee kidogo. Mama akamuuliza angojee nini. Hapo Baba mudogo alikuwa anaangalia viatu vyake tu, anaomba maji ya kunywa, anaenda. Mimi nilikuwa namuletea maji. Mutu mwenye anaenda kule bila karatasi ya upande ile, Yaya, unajua vile inamalizikaka. Mama pia alijua. Alisema yeye ni mama muzee, basoda banapita kando yake sawa vile banapita kando ya mbuzi.

Sasa nikuambie ya filme, juu bila filme hautaelewa kitu.

Salle ya Papa Zorobabel unaijua, ile ya bâche, turubai, karibu na atelier ya basermala. Unajua pia kama kule filme hapana kujisemea yenyewe, inasemewa na mutafsiri. Mutafsiri ni Gustave. Gustave anatafsiri Kichina yenye hajui, Kiingereza yenye hajui, na Kifaransa yenye alifeli mara mbili, na batu banamupenda kuliko acteur. Mutu akipigwa teke, Gustave anasema eti hii ni ya deni ya shemeji yako. Mais ile juma malaria ilimuangusha. Na Abbé Blaise alikuwa ameleta kaseti moja ya Kifaransa, akaitangaza ku misa kama ni filme ya jamaa nzima, baba, mama, batoto, bila bunduki, na kama kisha filme itakuwa ciné-forum: hakuna kukimbilia mulango, mwenye anataka anasimama, anasema jina na maoni, na bengine banamusikiliza. Papa Zorobabel akatafuta mutu wa Kifaransa. Sœur wa masomo akamutajia mimi.

Nilikataa. Kisha nikakubali juu Papa Zorobabel alisema nitakaa nyuma ya rido, pazia, kando ya televizio, na hakuna mwenye ataniona uso. Siku ya posho, samedi, niliangalia kaseti yote mbele, ili nijitayarishe. Papa Zorobabel alikuwa pale mais alilala toka mwanzo, anakoroma. Donc mu Mususa yote mutu mwenye alijua vile filme inamalizika alikuwa mimi peke, na Abbé, na Abbé ile siku ya mungu ya filme akaenda Lubero kisha misa. Aliacha Mwalimu Salomon aongoze maoni. Ni ule mwalimu wa Kasai, mwenye Serikali ilimutuma huku na ikamusahau.

Mama alikuja. Alivaa bikwembe bya misa na akakaa banc ya mbele. Alisema anataka kusikia sauti yangu mbele ya batu mara moja mu maisha yake, juu ya siku ya pili hajui.

Filme yenyewe ni hivi. Kuna nyumba kubwa ya bazungu, neige, ile teluji, inje. Baba alikufa zamani ku mulima. Batoto banapanda chini ya paa, banapata gramofoni ya zamani na disque moja. Banaipiga. Jikoni inabadilika: rangi ya ukuta inarudi mupya, paka yenye ilikufa iko juu ya kiti, na baba amekaa ku meza, kijana, anakata mukate. Muziki ikikwisha, baba anapotea. Kesho banapiga tena. Ni ile tu, Yaya. Banakula, banacheka, anabafundisha kupiga filimbi na midomo, mama yabo anamuwekea supu, disque inakwisha, banalia. Mimi siku ya posho nililia mupaka nikafunga kinywa na kitambaa ili nisiamushe Papa Zorobabel.

Mais salle haikulia. Salle ilikasirika. Filme haijatembea ata kidogo, kijana mumoja wa nyuma akauliza acteur ni nani. Nikasema mu rido kama ni batoto. Akauliza bandit ni nani. Nikasema hakuna. Akasema basi hii si filme, hii ni picha za ubatizo ya mutu. Balicheka. Mwengine akasema mutafsiri anaongea sawa mutu mwenye anaungama zambi, aongeze sauti ao bamutafute Gustave ata na malaria yake. Wakati baba alirudi mara ya tatu na bakamuwekea tena supu, salle yote ikasema pamoja: supu. Toka pale kila mara sahani ilionekana balisema supu, ata bamama. Nilikuwa nasikia Mama pale mbele anasema chut, chut, bamuache mutoto atafsiri.

Na wakati jamaa ya filme ilikuwa inakaa ku meza mara ya mwisho, na disque inaanza kuzunguka, groupe, ile machine ya umeme, ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima. Essence ilikwisha. Televizio ikabaki na kidoti cheupe katikati, kisha ata ile ikaenda.

Unajua sheria ya salle zote za huku: groupe ikizima, mutafsiri anamalizia na kinywa. Batu balilipa filme nzima. Papa Zorobabel akafungua bâche kidogo juu ya mwangaza, akasema batulie, mutoto wa Mama Mélanie aliona yote, atabasimulia mupaka mwisho. Balitulia, Yaya. Ata bale benye balikuwa bananichekelea. Mu rido kulikuwa tundu moja. Nilitazama pale nikaona Mama ameinama mbele, mikono ku magoti, sawa vile anasikilizaka radio.

Nilisema hivi. Baba anasimama ku meza. Anaenda yeye mwenyewe ku gramofoni na anainua sindano, anaitosha juu ya disque. Muziki inanyamaza mais yeye anabaki kidogo, juu ana neno. Anaambia bibi yake kama mutu mwenye anamuona pale si mutu tena. Anamuambia asikuje kumutafuta, ata akiuliza ku kila bureau na kila mulango, kule aliko hakuna mulango. Anasema batu bema balimuzika, balimufunika muzuri, baliimba. Anamuambia atoshe bitu mu sakoshi na abaki na batoto. Kisha anatoka, neige inaingia kidogo mu nyumba, na mama anafunga. Nikasema mwisho.

Hapana mutu mwenye alipiga mikono.

Mwalimu Salomon akasimama, akasema n'est-ce pas, ciné-forum imefunguliwa, maoni kwa utaratibu. Utaratibu haikuonekana. Mama Florentine wa makala njo alianza, na hakusema ata jina yake juu ni nani hamujui. Alisema filme yote ni ya bure lakini mwisho ni matusi. Kwanza ule bibi ni mujinga: mwanaume amepotea miaka yote, anarudi, na unamuwekea supu bila kumuuliza alikuwa na nani. Pili, huyu mwanaume iko na akili gani, unarudi kwako, moto iko, chakula iko, na unatoka tena mu baridi. Batu banalipa kuangalia mutu anaenda? Benye banaenda si tunabo bure, kila nyumba?

Basermala balisema Amina.

Soda mumoja, mwenye alikuwa anasimama karibu na mulango na bunduki yake miguuni, akasema na Lingala kama ni lokuta, uongo mutupu. Alisema muzungu mwenye alitunga ile kitu hajaona mufu, juu mufu hapana kukata mukate. Na kama gramofoni inaweza kuamusha mutu, baipeleke kwabo mu bataillon, kuna batu benye angependa kubauliza maneno moja. Alisema vile bila kucheka na batu hawakujua kama bacheke.

Mwalimu Salomon mwenyewe alitoa maoni, na ya kwake ilikuwa ndefu. Alisema filme haina leçon. Mujane hafanyi kazi yoyote na nyumba ina escalier ya kupanda juu. Baba hakuuliza batoto ata mara moja bulletin ya masomo. Mais kisha akauliza swali, na pale njo moto iliwaka kabisa. Akasema: tuseme hii gramofoni iko kwetu, hapa Butembo. Tungepiga disque ya mwaka gani? Turudie wakati gani? Muzee mumoja akasema mwaka wa uhuru. Mwengine akamuambia anyamaze, mwaka ule yeye alikuwa mu pori anakula mizizi, amesahau? Mama mumoja akasema wakati ya Mobutu, mwanzo. Bakamuzomea, bakamuuliza alikuwa bibi ya nani. Mwengine akasema mbele tu ya hii vita. Soda akamuuliza hii gani. Kila mwaka yenye mutu alitaja, mwengine alikuwa na mufu wa ile mwaka. Balishikana mashati karibu, Yaya, juu ya gramofoni yenye haiko. Mwisho Mama Florentine akasema njo munaona, filme ya namna hii inaharibu batu, bairudishie Abbé na asituletee tena mapendo.

Nilifikiri bamenisahau. Mais Agar, mwenye tunakaa naye banc moja ku masomo na mwenye anapendaka kuonyesha kama anafuata, akasimama. Alisema yeye ana swali kwa mutafsiri. Mutafsiri alisema baba anaambia bibi atoshe bitu mu sakoshi. Sakoshi gani? Filme yote hatukuona sakoshi. Ule bibi hakupanga kwenda popote, kazi yake ni supu. Alafu, neno ya bureau, huyu mujane wa neige alikuwa anaenda ku bureau gani?

Batu bakasema ah, vrai. Sakoshi iko wapi. Kijana wa nyuma akasema kumbe ni Gustave mwengine, amevaa jupe. Mwalimu Salomon akasema mutafsiri aeleze, n'est-ce pas, kwa faida ya bote. Mimi nyuma ya rido sikuwa na sauti. Nilitazama ku tundu. Mama alikuwa amesimama. Nilifikiri atasema kitu, atanitetea. Alipita juu ya miguu ya batu, moja moja, na pardon kila mara, akatoka. Mama Florentine akasema munaona, ata mama yake mwenyewe imemushinda.

Nilipofika nyumba, Mama alikuwa chini, sakoshi mbele yake, anatosha bitu. Tumbako aliweka kando. Sabuni aliweka kando. Koti ya Papa aliikunja juu ya magoti. Aliniuliza bila kunitazama nani aliniambia. Hakuuliza niliambiwa nini.

Yaya, fasi hii njo nilikuwa naogopa kufika. Kama uko peke, ita rafiki akae kando yako. Papa alikufa. Alikufa mu mwezi wa saba. Camion ilipigwa masasi mbele ya Kanyabayonga, moja ilimuingia Papa mu tumbo, balimubeba mupaka ku dispensaire ya karibu na kesho yake asubui akakata roho. Gérard alikuwa mu camion ya nyuma. Bakristo ba pale balimuzika, balifunika muzuri, baliimba, njo ile tu ya kweli mu maneno nilisema mu rido. Gérard aliona musalaba. Jina imeandikwa.

Nilijua toka mwezi wa nane. Gérard alikuja kwa Baba mudogo Malachie, na mimi nilikuwa pale, nilikuwa naletea bageni chai. Sikusikia nyuma ya ukuta, balisema mbele yangu, sahani ya bikombe iko mukononi. Baba mudogo alisema kwetu mutoto hapana kutangaza kifo, wala shofere, ni mukubwa wa upande ya baba njo anaitangaza, yeye, na wakati wake. Alisema wakati wake ni kisha examen yako, ili neno isikupate peke yako kule, na kisha ata kitu moja ya Papa ifike, ili Mama awe na cha kushika. Niliona ni maneno ya hekima. Nilirudi nyumba na nikapika bugali. Na toka ile siku, kila Mama alipoweka kitu mu sakoshi, nilikuwa namupimia mbele kama itaingia. Nilitaka kusema, Yaya. Nilikuwa naenda mupaka ku mulango wa chumba yake. Mais nani alishawahi kusikia kwetu mutoto anasimama mbele ya mama yake na kumuambia wewe ni mujane? Kinywa ilikataa. Kisha groupe ikazima na batu bote bakaniambia niseme mwisho.

Sikupanga. Naapa.

Nilimuambia Mama kama ni Gérard, kwa Baba mudogo, mu mwezi wa nane. Alisimama na koti mukononi, akaenda kwa Baba mudogo vile, na bikwembe bya misa. Nilimufuata nyuma. Hakuingia mu nyumba. Alisimama mu lupango, inje, jirani bote banasikia, akamuuliza ni mwanaume gani muzima anakaa na kifo ya ndugu yake mu mufuko sawa kipande ya sabuni. Akamuuliza kama alikosa kinywa angemutuma bibi yake, na kama bibi yake alikosa angemutuma mbwa, kuliko kuachia mutoto mwenye anaogopa ata kununua chumvi. Baba mudogo akasema alikuwa anangojea. Mama akamuambia kama angengojea mupaka siku ya pili, angekuwa na bifo bibili bya kutangaza, angefanya économie. Baba mudogo alilia, Yaya. Sijamuonaka vile. Mama hakulia. Alimuangalia akilia, kisha akamuambia akuje kesho, na bazee, afanye muzuri.

Na alikuja. Kesho yake bazee ine balikuja asubui, bakaingia, bakakaa, bakanyamaza wakati wake, sawa vile hakuna mwenye anajua. Mama pia alikaa juu ya kirago, miguu imenyooka, sawa mutu mwenye hajui. Baba mudogo akasema neno yenye Mususa yote ilikuwa imesikia ku lupango. Alisema jina yote ya Papa. Na Mama njo akalia, kama vile ilikuwa mara ya kwanza, na mimi nilielewa kama ilikuwa ya kwanza.

Matanga ilianza siku ya pili, ile siku yenye angepanda camion. Batu ni bengi. Mama Florentine alituma kuni na makala na hakukubali merci. Ule soda alikuja bila bunduki, akakaa kidogo ku mwisho ya banc, akaenda. Na Yaya, najua utanichukia kwa kuandika hii, mais ku matanga batu banazungumuza, na banazungumuza ile filme. Kila mutu mwenye anafika anaelezewa. Banasema ni mapepo ya ile filme yenye ilileta kifo, juu mwanaume wa filme alisema balimuzika na kumbe Papa bamemuzika. Banatukana muzungu mwenye alitunga mwisho ule. Banasema hana roho, banasema hana mama. Mama Florentine anasema akimupata atamupiga na kikapo. Na mwenye alitunga ni mimi, niko nabapatia chai, nauliza sukari ngapi. Agar peke njo ananiangalia na jicho ya kando. Alirudi jana na majani ya sombe, akaniambia sikioni kama alielewa sasa ile sakoshi, na kama alifurahi vile batu balinicheka, na kama anajuta. Bado sijui kama nitamujibu.

Mama hakuniambia neno toka ile siku ya mungu mupaka juzi. Alikuwa ananituma tu: lete maji, bandika sufuria. Nilifikiri amenikasirikia, na ni vrai, alinikasirikia. Juzi tulikuwa peke jikoni, tunamenya viazi. Aliniuliza ile filme kwa kweli inamalizika namna gani.

Nikamuambia. Batoto banatengeneza gramofoni na kamba ya viatu, disque inazunguka bila kukwisha, na baba anabaki. Anabaki kabisa. Banafungua madirisha, ni Noeli, jirani banaingia, kuna gato, keki kubwa, na kuku mbili, na bakaandika Fin, mwisho, juu ya uso wake anacheka.

Mama alimenya kiazi yote mbele ya kuongea. Kisha akasema ni mubaya. Akasema ni filme mubaya sana, batu balikuwa na haki, na Abbé anapashwa kuungama kwa kuletea batu kitu ya namna ile. Kisha akauliza wakati anabaki, bibi yake alimuambia nini. Nikasema hakumuambia kitu, anamuwekea supu. Mama akasema hapo njo bananikasirisha. Yeye angemufokea kwanza. Angemuuliza nilikukataza ile barabara ao sikukukataza, maharagi ilikosa huku, angemufokea mupaka jirani bakuje, mupaka supu ipoe. Kisha angeipasha moto. Alisema vile na kisu mukononi na alikuwa anakasirika kweli, uso yote, na machozi inaanguka mu viazi. Akaniambia nimusimulie tena, kutoka pale ya kamba ya viatu. Nikamusimulia. Akasema tena ni mubaya. Jana pia aliniita.

Yaya, Baba mudogo alitaka yeye mwenyewe akuje Beni kukutangazia, na bazee, sawa inavyopasa. Mama alikataa. Alisema mimi nilianza, mimi nimalize. Donc hii ni mara yangu ya pili, na hii mara hakuna rido wala muzungu wa kusingizia. Nilijaribu kuandika neno ile moja tu ku mustari ya kwanza. Nilipasua karatasi. Nikaona nitakupitishia fasi mimi nilipita, ili ufike pale polepole. Kama nilikosea, nikosee mara hii tu. Kama unanikasirikia, usinikasirikie kutoka kule. Kuja unikasirikie mbele yangu, ufoke, mimi nitasimama.

Gérard atakungojea ata siku mbili. Alisema hautalipa kitu na utakaa mbele mu camion. Njiani, kama unataka, muulize yote, ana ruhusa, aliona zaidi ya hii yenye niliandika. Mama hatamaliza matanga mbele ya wewe kufika. Leta sweta, usiku ni baridi na tunalala inje na batu.

Grady anakusalimia, anauliza kama utamuletea biki ya kuandika. Séphora anakusalimia, yeye hakuuliza kitu. Baba mudogo Malachie anakusalimia na aibu. Salimia bale banafunzi benye banakaa kando yako sasa, kama kuna mwenye anakushika mukono, mushukuru kwa upande yangu.

Mimi mudogo wako mwenye anakungojea ku barabara,

Katungu Sagesse